Konzi ya Majani katika Kila Sufuria: Mboga za Majani na Mapishi ya Kila Siku Mombasa

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na katika hesabu hiyo viazi, mihogo na mizizi mingine yenye wanga haimo. Kiwango hicho kwa kawaida hugawanywa katika mafungu matano ya gramu 80, na fungu moja la majani yaliyopikwa, kama vile mchicha au sukuma wiki, ni sawa na vijiko vinne vikubwa vilivyojaa hadi kufura. Ukikilinganisha kiwango hicho na siku ya kawaida katika nyumba nyingi za Mombasa, utaona upesi pengo liko wapi. Asubuhi ni chai na mahamri au mkate. Mchana ni wali na mchuzi wa samaki, au maharagwe. Usiku ni chapati au sima. Majani huletwa mezani siku ya sima, kachumbari huletwa siku ya pilau, na kati ya siku hizo mbili zinaweza kupita siku kadhaa ambazo hakuna jani lililoliwa nyumbani isipokuwa dania iliyonyunyizwa juu ya mchuzi.

Pengo hilo halitokani na uhaba. Soko la Kongowea na lile la Marikiti hupokea mboga kutoka Taita na Taveta, kutoka Kilifi na Kwale, na kutoka bara, na kila mtaa una kibanda ambako mtu anaweza kununua kicha cha mchicha akitoka kazini. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni mpangilio wa jiko. Tumezoea kuyapa majani sufuria yake peke yake, yawe ndiyo kitoweo cha siku hiyo, na siku ambayo kitoweo ni samaki au mbaazi, majani hukosa nafasi. Mtu aliyevuka feri ya Likoni magharibi imeingia, akafika nyumbani na kukuta watoto wana njaa, hawezi kuambiwa abandike sufuria ya tatu, na ushauri wa aina hiyo, hata ukitolewa kwa nia njema kiasi gani, haufuatwi. Njia iliyo rahisi ni kuyaingiza majani katika chakula ambacho tayari kiko motoni.

Tatizo linalofuata ni kwamba maelezo juu ya mboga za majani yanagongana. Mmoja anasema ziliwe mbichi, mwingine anasema zichemshwe sana. Mmoja anasifu nazi, mwingine anaikataza. Mmoja anatia magadi ili rangi ibaki kijani, mwingine anaambiwa na daktari aache magadi. Kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli, na ili kuzipanga sehemu hizo ni lazima tujue kinachotokea ndani ya jani linapokutana na kisu, maji, moto, mafuta na ndimu.

Kisu, maji na moto

Mtazame muuzaji wa mboga kibandani mwake jioni. Huyapanga majani kadhaa ya sukuma wiki moja juu ya jingine, huyakunja yakawa bomba moja gumu, huyabana kwa kidole gumba, kisha kisu hupita kwa kasi isiyofuatika kwa jicho, na nyuzi nyembamba za kijani huanguka ndani ya beseni. Ni ustadi wa kweli, na humpunguzia mpishi kazi. Lakini kila mkato hupasua chembe hai za jani, na vimeng'enya, yaani viini vinavyochochea mabadiliko ndani ya jani, vilivyokuwa vimetengwa humo hukutana na hewa na kuanza kuiharibu vitamini C. Nyuzi hizo zikikaa saa kadhaa katika joto la Mombasa, kisha zikaoshwa kwa maji mara mbili au tatu, sehemu kubwa ya vitamini hiyo itakuwa imekwenda kabla sufuria haijabandikwa. Kwa hiyo majani huoshwa yakiwa mazima, hukatwa yanapokaribia kuingia motoni, na hayana haja ya kukatwa kama nyuzi. Aliyenunua yaliyokatwa tayari, kwa sababu ndiyo yaliyomwezesha kupika siku hiyo, na ayasuuze mara moja tu kwa haraka katika chujio, ayapike jioni hiyo hiyo, wala asiyalaze.

Vitamini C na ile ya folati huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto. Majani yakichemshwa katika maji mengi, kisha maji hayo yakamwagwa, nusu ya vitamini C au zaidi huweza kupotea. Folati ni muhimu kwa kila mtu, lakini kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa ni muhimu zaidi, kwa kuwa uti wa mgongo na ubongo wa mtoto huanza kuumbika katika majuma manne ya kwanza ya mimba, wakati ambapo wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Ndiyo maana wajawazito hupewa vidonge vyenye folati kliniki, na ndiyo maana lishe ya kabla ya mimba ina uzito wake. Majani hayachukui nafasi ya vidonge hivyo, ila huongeza juu yake.

Hii haina maana kwamba moto ni adui. Moto hulainisha kuta za chembe za jani, huua vijidudu, na huyafanya majani yanywee hadi lundo lililojaa sufuria libaki vijiko vichache. Kwa mlaji, kunywea huko ni faida, kwa sababu si rahisi mtu kula gramu 80 za mchicha mbichi, lakini ukipikwa huzimaliza bila hata kutambua. Kinachotakiwa ni muda mfupi na maji machache. Mchicha, ukiwa umeoshwa na bado una matone ya maji, huiva kwa mvuke wake wenyewe katika dakika tatu au nne. Spinachi ya masoko yetu, yenye bua nene jeupe, huhitaji dakika mbili zaidi kwa bua. Sukuma wiki na majani ya kunde huchukua muda mrefu kidogo. Na maji yoyote yanayobaki chini ya sufuria ni mchuzi, kwa hiyo yaachwe yaingie sahanini.

Magadi hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwa kuwa yanapunguza uchachu, huilinda rangi ya kijani na huyalainisha majani magumu kama ya kunde, lakini hali hiyo hiyo huharibu vitamini C na vitamini B1, na pia huongeza sodiamu katika chakula, jambo ambalo mwenye shinikizo la damu anapaswa kulikwepa. Ikiwa kinachotafutwa ni rangi, kuna njia nyingine. Rangi ya jani hugeuka kuwa ya kahawia kwa sababu uchachu uliomo ndani yake, ukisaidiwa na joto, huiondoa magnesiamu iliyo katikati ya kiini cha rangi hiyo. Basi mfuniko ukiachwa wazi ili uchachu utoke na mvuke, upishi ukiwa wa dakika chache, na ndimu ikitiwa baada ya kuepua, majani hubaki kijani bila magadi.

Nazi, ndimu na chai ya baada ya kula

Majani yana pia beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na yana vitamini K na E. Hizi haziyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta, na bila mafuta nyingi huupita utumbo bila kufyonzwa. Hapa ndipo mapishi ya Pwani yanapokuwa na hekima kubwa, kwa sababu mchicha wa nazi unampa mlaji jani pamoja na kile kinacholiwezesha kufaa mwilini. Hata hivyo kiasi kinachohitajika ni kidogo: gramu tatu hadi tano za mafuta katika mlo zinatosha, na hicho ni takriban kijiko kimoja cha chai kwa kila mlaji. Tui la nazi lina mafuta mengi ya aina inayoganda, na mtu aliyeshauriwa kupunguza mafuta hayo kwa ajili ya moyo hana sababu ya kuiacha nazi kabisa. Atumie tui jepesi la mkamuo wa pili, au vijiko viwili vitatu vya tui zito mwishoni mwa upishi kwa ajili ya ladha. Sufuria ya mchicha unaoelea katika tui zito la nazi mbili ni tamu, na siku ya wageni iwe hivyo, lakini ya kila siku haihitaji kuwa hivyo.

Chuma kina maelezo yake. Chuma kilicho katika majani hufyonzwa kwa shida kuliko kile cha nyama na samaki, na watu wengi huambiwa wale mchicha waongeze damu bila kuambiwa sehemu ya pili. Vitamini C ikiliwa katika mlo huo huo, kiasi cha chuma kinachofyonzwa huweza kuongezeka mara mbili na zaidi. Kwa hiyo ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, vipande vya embe bichi, nyanya mbichi au chungwa la baada ya kula, ni sehemu ya dawa. Samaki na nyama, hata kidogo, nao huusaidia mwili kukifyonza chuma cha majani, na hiyo ni sababu nzuri ya kuchanganya dagaa au vipande vya papa mkavu katika mboga, mradi papa aroweshwe vya kutosha ili chumvi itoke. Upande wa pili ni chai. Chai ya rangi na ya maziwa, ikinywewa pamoja na chakula, inaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha mimea kwa zaidi ya nusu. Desturi ya kikombe cha chai kinachofuata sahani moja kwa moja ni tamu na ya siku nyingi, na siombi iachwe. Naomba isogezwe kwa saa moja hivi, hasa kwa wanawake na wasichana ambao hupoteza damu kila mwezi.

Jambo moja dogo kuhusu kalsiamu. Mchicha na spinachi zina kalsiamu, lakini zina pia oksaleti nyingi inayoishika kalsiamu hiyo isifyonzwe. Sukuma wiki ina oksaleti kidogo, na gramu 100 za sukuma wiki mbichi zina zaidi ya miligramu 200 za kalsiamu, wakati maziwa ya ng'ombe ya uzito huo yana karibu miligramu 120. Kwa nyumba isiyoweza kununua maziwa kila siku, sukuma wiki ina thamani kubwa kuliko heshima inayopewa.

Pa kuyaingiza majani

Tuanze na mbaazi za nazi, kwa kuwa zinapikwa karibu kila mtaa. Mbaazi zikiwa zimeiva na tui limeanza kuchemka, tia konzi mbili za mchicha uliokatwa vipande vya upana wa kidole, koroga, acha dakika tatu, epua. Ladha ya mbaazi haibadiliki kiasi cha kumfanya mla mahamri alalamike, na mafuta ya tui yapo tayari kufanya kazi yake. Maharagwe ya nazi yanakubali sukuma wiki kwa namna hiyo hiyo, ila sukuma itangulie kwa dakika saba au nane. Mchuzi wa samaki unapendeza kwa spinachi, lakini itiwe baada ya samaki kuiva, vinginevyo mwiko utamvunja samaki wakati wa kukoroga. Dengu na kunde kavu nazo hukubali jani lolote. Kanuni yake ni moja: jani huingia mwisho, moto ukikaribia kuzimwa.

Muhogo wa nazi na viazi vya nazi vinahitaji kutazamwa zaidi, hasa katika mwezi wa Ramadhani. Futari yetu ina wanga wa kila namna: mihogo, viazi, ndizi, kaimati, tambi, na mara nyingi kitu pekee chenye rangi ya kijani mezani ni pilipili. Mtu aliyefunga kutwa anahitaji nyuzinyuzi za chakula, kwa sababu kukosa maji mchana kutwa na kula wanga usiku huleta kufunga choo, jambo ambalo wengi huliona kuwa sehemu ya kufunga ilhali ni sehemu ya futari. Majani ya kunde au mchicha yakitiwa katika muhogo wa nazi dakika tano kabla ya kuepua, hayaongezi sufuria wala kazi. Nyama ya kusaga ya sambusa hukubali nusu yake iwe majani yaliyokatwa katakata, yaliyokaangwa kidogo na vitunguu na kukamuliwa maji vizuri. Maji yasipokamuliwa manda hulowa na sambusa hupasuka katika karai. Katlesi za viazi nazo ni hivyo hivyo, na bajia za kunde zinapendeza zaidi zikiwa na mchicha ndani, kwa kuwa jani linalokaangwa pembezoni mwa bajia hukauka na kulia mdomoni.

Unga wa chapati ukikandwa na konzi ya spinachi iliyokatwa nyembamba mno, au iliyosagwa na maji yale yale ya kukandia, chapati hutoka ya kijani na watoto huipokea kwa furaha, ingawa kiasi cha majani kinachoingia humo ni kidogo na mtu asijidanganye kwamba amemaliza hesabu ya siku. Mayai ya asubuhi ni mahali pazuri zaidi. Kaanga kitunguu na nyanya, tia konzi ya mchicha, ukinywea mimina mayai mawili yaliyopigwa. Ni dakika tano, na fungu la kwanza la siku limepatikana kabla ya saa mbili asubuhi.

Wali una nafasi yake pia. Wali wa nazi unapokuwa umekaukiwa na maji na unataka kufunikwa upaliliwe, majani yaliyokatwa hutandazwa juu, mfuniko hurudishwa, na wakati wa kupakua huchanganywa. Kwa pilau na biriani sishauri jambo hilo. Vyakula hivyo vina mpango wake uliokamilika, na majani yao ni kachumbari, ambayo inaweza kuwa bakuli kubwa badala ya kisahani.

Mchanganyiko wa mboga za pwani

Ipo sufuria moja ambayo naamini inastahili kurudi katika nyumba za mjini kila juma, nayo ni ile ya mboga za pwani zilizochanganywa. Wauzaji wanaotoka Kilifi na Kwale huleta Kongowea mchunga, ambao Wagiriama huuita mtsunga, pamoja na mnavu, majani ya kunde, mchicha wa kienyeji, mrenda, majani ya maboga na matembele. Baadhi ya mboga hizi hupandwa, nyingine huota zenyewe mashambani mvua za masika zinaponyesha, kuanzia Aprili hadi Juni, na ndiyo maana katika miezi hiyo hupatikana kwa wingi na kwa bei nafuu.

Uzuri wa mchanganyiko huo ni kwamba kila jani huziba kasoro ya jingine. Mchunga ni mchungu sana, na mtu akiupika peke yake mara ya kwanza huenda asirudie. Mrenda huteleza, na wasiozoea hawaupendi. Mchicha ni laini lakini ladha yake ni pole. Majani ya kunde yana ukakasi kidogo na hukaa imara motoni. Yakipikwa pamoja, uchungu hupungua hadi kubaki ule unaoamsha hamu ya sima, utelezi huufanya mchuzi ushikane, na mchicha hujaza. Mpishi huanza na mchunga na mnavu, huvichemsha kwa dakika chache, na anayeona uchungu umezidi humwaga maji hayo ya kwanza. Ndiyo, vitamini fulani hupotea, lakini jani linaloliwa lina faida kuliko jani lililoachwa sahanini. Kisha hutia majani ya kunde, baadaye mchicha na mrenda, halafu kitunguu, nyanya na tui jepesi, na mwisho tui zito kidogo. Mnavu uliwe majani tu. Vijitunda vyake vya kijani visivyoiva vina sumu na vichambuliwe vyote.

Kisamvu ni habari nyingine kabisa. Majani ya muhogo yana viambata vinavyotoa sumu ya sianidi, na namna ya jadi ya kuyatayarisha ndiyo inayoyafanya yalike kwa usalama. Kuyatwanga kinuni huvunja chembe za jani ili kimeng'enya kikutane na viambata hivyo na kuvivunja, kisha kuyachemsha kwa muda mrefu bila mfuniko hupeperusha sumu pamoja na mvuke. Anayeyatupa mazima katika maji yanayochemka hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu hubaki. Kwa hiyo kisamvu si cha kuongeza dakika tatu kabla ya kuepua. Ni chakula cha siku yenye nafasi.

Majani mabichi na suala la maji

Majani yanayoliwa mabichi hubaki na sehemu kubwa ya vitamini C yake, na kwa Mombasa chombo chake ni kachumbari na chatini. Kachumbari ya vitunguu na nyanya inaweza kuongezwa kabeji iliyokatwa nyembamba, dania nyingi pamoja na vijiti vyake, saladi, tango, embe bichi na ndimu. Chatini ya dania, ambayo wengine huiita ya kotmiri, husagwa kwa dania, kitunguu thomu, pilipili, embe bichi au ukwaju, na chumvi kidogo. Anayeila na viazi karai, mishkaki au bajia huwa anakula konzi nzima ya majani bila kuhisi kwamba amepewa mboga. Sijui njia rahisi kuliko hiyo ya kumlisha majani kijana ambaye hataki kuyaona.

Hata hivyo mboga mbichi inahitaji maji safi, na maji ni shida ya kweli hapa. Mifereji mingi haitoki kila siku, visima vya kisiwani vina chumvi, na wengi wetu hununua maji kwa mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni bila kujua yametoka wapi. Mji huu umewahi kupatwa na kipindupindu, na kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu ni mojawapo ya njia ambazo ugonjwa huo hupita. Kwa majani yatakayopikwa, maji ya kisima yenye chumvi yanafaa kuondolea mchanga, kisha maji matamu kidogo ya kusuuzia, na moto utamaliza kazi. Kwa majani yatakayoliwa mabichi, maji ya mwisho ya kusuuzia yawe yamechemshwa au yametiwa dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kuyaloweka katika maji ya chumvi au siki huwatoa wadudu waliojificha katika mikunjo, lakini hakutoshi kuua vijidudu vya maradhi. Na palipo na shaka juu ya maji, mboga ipikwe. Kachumbari itangoja siku nyingine.

Zipo pia mboga zinazokuzwa kandokando ya barabara kubwa au kwa maji ya mitaro. Moto huviua vijidudu vyake, lakini madini mazito yaliyofyonzwa na mmea hayatoki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji mboga zake zimetoka wapi, na muuzaji mzuri hujibu.

Kuhifadhi katika joto letu

Kinachowafanya wengi wasinunue majani ni kwamba yanyauka kabla hayajapikwa. Katika joto la Januari na Februari, kicha cha mchicha kilichonunuliwa asubuhi kikiachwa mezani huwa kimelala adhuhuri. Kicha chenye mizizi husimamishwa katika kikombe cha maji na kufunikwa kitambaa kibichi, na hukaa vizuri hadi jioni au hata kesho yake. Dania nayo ni hivyo hivyo. Penye friji, majani yasioshwe kabla ya kuwekwa, kwa kuwa maji yaliyonasa kati yake huyaozesha. Yafungwe katika kitambaa kikavu au gazeti, yapikwe ndani ya siku mbili au tatu.

Mwenye friji yenye sehemu ya kugandisha ana njia bora zaidi, nayo ndiyo ningemshauri mtu anayerudi nyumbani amechoka. Siku moja ya juma, chukua vicha vitano au sita vya mchicha au spinachi, vioshe, vitumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika mbili hivi, vitoe na uvitie mara moja katika maji baridi sana, vikamue, uvikate, uvifinyange madonge ya ukubwa wa limau na uyagandishe. Zile dakika mbili hukiua kimeng'enya ambacho kingeendelea kuyaharibu majani hata ndani ya barafu. Baada ya hapo kila sufuria ya mbaazi, ya maharagwe au ya mchuzi hupewa donge moja au mawili, bila kisu wala ubao wala mchanga wa kuosha saa mbili za usiku. Vitamini C fulani imepotea, lakini beta-karotini, chuma na nyuzinyuzi zimebaki kwa sehemu kubwa, na majani yameliwa siku ambayo yasingeliwa kabisa.

Wanaohitaji uangalifu

Wapo watu ambao kuongeza majani kwao si jambo la kufanya ghafla. Anayetumia dawa ya warfarin ya kuzuia damu kuganda anapaswa kujua kwamba vitamini K iliyomo katika majani huipunguza nguvu dawa hiyo. Haambiwi aache mboga, bali ale kiasi kinachofanana kila juma na amwarifu daktari kabla ya kubadilisha. Mwenye maradhi ya figo huenda amewekewa kikomo cha potasiamu, na majani yana potasiamu nyingi. Aliyewahi kupata mawe ya figo ya aina ya oksaleti ni bora achague sukuma wiki na kabeji kuliko mchicha na spinachi.

Mtoto mchanga, akishatimiza miezi sita na kuanza kulishwa, anaweza kupewa majani mapema kuliko wengi wanavyodhani: mchicha ulioiva na kupondwa pamoja na kiazi na tone la mafuta, bila chumvi. Anayeonja uchungu kidogo wa majani akiwa mdogo huwa hasumbuki nao akikua, ila ladha mpya huhitaji kurudiwa mara nyingi, na mtoto aliyetema leo apewe tena wiki ijayo bila kugombezwa.

Kwa mwenye roshani, paa au kiwanja kidogo, gunia moja la udongo uliochanganywa na mbolea ya samadi linatosha kuipatia nyumba majani ya kuchanganya katika sufuria. Mchicha hupenda joto na huwa tayari kuvunwa wiki tatu hadi nne tangu kupandwa. Ukikatwa juu kidogo ya ardhi na kuachiwa vifundo viwili vitatu vya shina, huchipua tena. Kunde huvumilia jua kali kuliko mboga nyingi, na majani yake huchumwa yakiwa machanga. Gunia la pili lipandwe wiki mbili baada ya la kwanza, ili la kwanza linapochoka kuchipua, la pili liwe limefika wakati wa kuvunwa.